Sura ya Sita: Wenye Mali Wasio na Hati

Tarehe 20 Septemba 2011, kampuni ya Walt Disney ilitangaza kwamba imepata haki ya kuujenga ulimwengu wa filamu ya Avatar ndani ya bustani zake za burudani, na kwamba ujenzi wa kwanza utafanyika Florida, katika bustani iitwayo Animal Kingdom. Kwa mtu wa nje hapakuwa na cha kujadili. Avatar ya James Cameron ilitoka Desemba 2009, ikawa filamu ya kwanza duniani kuvuka dola bilioni 2 za mauzo ya tiketi. Kampuni yenye fedha imekodi filamu iliyoleta fedha kuliko zote. Nani angelalamika?

Walilalamika wale walioipenda bustani ile kuliko mtu mwingine yeyote. Tangu siku hiyo mpaka milango ilipofunguliwa Mei 2017, walibishana wao kwa wao, wakabishana na kampuni, wakafuatilia kila nguzo ya chuma iliyosimamishwa, wakavutana kuhusu rangi ya mwamba ambao zege lake lilikuwa bado bichi. Ninaamini mabishano yao ni miongoni mwa mijadala ya maana iliyowahi kufanywa na watu wa kawaida juu ya swali ambalo kwa kawaida tunawaachia wasanifu wa majengo: ni kitu gani hasa kinachofanya mahali palipotengenezwa na binadamu pawe na uhai?

Mashabiki hawa si watoto. Wengi ni watu wazima wenye kazi na familia, na wengine ni wastaafu waliohamia Florida ya kati ili wakae karibu na bustani hizo. Hununua tiketi ya mwaka mzima, wakaingia jioni kwa saa mbili tu, kunywa kitu, kutazama watu wakipita, kukagua kama taa iliyoungua imebadilishwa. Wanamjua mbunifu aliyechora eneo fulani na aliyemrithi. Wanajua ukuta upi uliwahi kuwa wa duka gani. Kisheria hawana chochote pale: ardhi, majengo na faida vyote ni vya Disney. Lakini wapo waliofunga ndoa humo, wapo waliokwenda na wazazi wao safari ya mwisho, na mtu akishaweka siku za namna hiyo mahali fulani, huwezi kumwambia hapamhusu. Ukifika Matondoni, Lamu, utawakuta wazee wamekaa kivulini wakitazama jahazi likiundwa. Jahazi si lao na hakuna aliyewaita, ila mmoja wao akisema ubao ule umepinda, fundi hugeuka kuutazama.

Mashabiki walikuwa na hoja za uzito mbalimbali. Nyepesi kuliko zote ilikuwa kwamba Avatar ni mgeni. Wakati ule filamu hiyo ilikuwa mali ya 20th Century Fox, kampuni ambayo Disney ilikuja kuinunua mwaka 2019, kwa hiyo ilionekana kama mtu anayekodi samani kwa jirani ilhali kwake stoo imejaa. Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi: filamu iliingiza mabilioni lakini haikuacha alama mioyoni. Walipeana mtihani mdogo, kutaja wahusika watatu wa Avatar kwa majina, na wengi waliokuwa wameitazama sinema ile kwa miwani ya pande tatu (3D) na kuisifu sana walikwama baada ya jina la kwanza. Mwendelezo ulioahidiwa haukuonekana mwaka baada ya mwaka. Ulikuja kutoka Desemba 2022, zaidi ya miaka mitano baada ya eneo lenyewe kufunguliwa.

Hoja hiyo haieleweki bila kutaja lililotokea upande wa pili wa Orlando. Juni 2010 kampuni ya Universal ilifungua ulimwengu wa Harry Potter katika bustani yake ya Islands of Adventure. Biashara yote ilibadilika siku ile. Zamani mgeni alipanda mchezo mmoja uliopewa jina la filamu, akashuka, akaendelea na safari. Hapa aliingia mtaa mzima, akakuta paa zimelala theluji kwenye joto la Florida, akanunua fimbo ya uchawi kwa muuzaji anayeongea kama mhusika, akanywa kinywaji alichokisoma kitabuni utotoni. Watu walisimama foleni ili waingie dukani. Kila aliyefuatilia mambo haya aliamini kwamba tangazo la Disney la mwaka uliofuata lilikuwa jibu kwa jirani, na jibu la haraka. Wakauliza: msomaji wa Harry Potter aliijua mitaa ile kwa jina kabla ya tofali la kwanza kulazwa. Msitu wa Pandora, ulimwengu wa Avatar, nani anaujua?

Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa moyo wa ugomvi, na ili kuielewa lazima kuielewa bustani yenyewe.

Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, Siku ya Dunia. Ina ukubwa wa takriban ekari 580, nyingi zikiwa za wanyama hai. Aliyeongoza ubunifu wake ni Joe Rohde, mtu aliyesafiri na wenzake Afrika na Asia kabla ya kuchora, na ambaye alishikilia kwamba kila kitu ndani ya bustani lazima kiwe na sababu ya kuwapo. Katikati unasimama Mti wa Uhai, wenye kimo cha karibu mita 44, uliojengwa juu ya kiunzi cha chuma cha aina ya majukwaa ya kuchimbia mafuta baharini, na shina lake limechongwa wanyama zaidi ya 300. Maeneo yaliyouzunguka hayakuzaliwa na filamu yoyote. Afrika ilikuwa Afrika kama wabunifu walivyoiona, Asia vilevile. Hata sheria ndogondogo zililinda wazo hilo: maputo hayauzwi, na mirija ya vinywaji ni ya karatasi, ili mnyama asije akameza plastiki. Mashabiki waliipenda bustani hii kwa sababu haikuwa inawakumbusha sinema kila hatua.

Siku ya ufunguzi, maneno ya kuizindua yaliahidi bustani ya wanyama wa aina tatu: wa kweli, wa kale na wa kufikirika. Wa kweli walikuwapo. Wa kale walipewa eneo la dinosaria. Wa kufikirika walikuwa wamechorewa eneo lao, Beastly Kingdom, lenye joka na nyati wa pembe moja, lakini fedha hazikutosha na eneo hilo halikujengwa. Mahali pake pakawekwa kitu cha muda, kambi ya msituni ambamo watoto walipiga picha na Mickey na Minnie. Cha muda kilikaa miaka kumi na mitano. Na nembo ya bustani, iliyochorwa kabla ya uamuzi kubadilika, ilibaki na umbo la joka miongoni mwa wanyama wengine. Shabiki aliiona kila alipopita getini. Kwake ile ilikuwa ahadi iliyoandikwa ukutani.

Sasa kampuni inasema ardhi ya joka itapewa Avatar.

Hapo ndipo mabishano yalipopanda daraja. Upande mmoja ulisema ahadi imetimizwa: ikran, yule ndege-mjusi anayepandwa angani na Na'vi, wenyeji wa Pandora, ni mnyama wa kufikirika kama joka lolote, na filamu yenyewe inahusu msitu unaovamiwa na kampuni ya madini, jambo linaloafikiana na bustani inayofundisha kutunza viumbe. Upande wa pili ulijibu kwamba kufikirika kuna namna mbili. Joka limefikiriwa na mataifa mengi kwa karne nyingi, kila taifa kwa hofu na matumaini yake, na halina mwenyewe. Ikran amefikiriwa na wasanii wa studio moja, ana hati, ana wakili. Ukiweka wa kwanza bustanini unamweleza mgeni jambo kuhusu binadamu na wanyama. Ukiweka wa pili unamweleza jambo kuhusu sinema. Upande wa kwanza ukarudi: kila joka lilianza kinywani mwa mtu mmoja. Na kuhusu ujumbe wa filamu, wapinzani wakauliza ni vipi hadithi ya watu waliokataa ardhi yao igeuzwe bidhaa itasimuliwa ndani ya duka la wanasesere wa hao hao watu.

Nimeyasikiliza mabishano haya pande zote, na msimamo wangu ni kwamba wapinzani walikuwa na kanuni sahihi. Bustani inayodai kufundisha juu ya viumbe hai haipaswi kuchagua viumbe wake kwa kuangalia mauzo ya tiketi za sinema. Kwamba baadaye utabiri wao wa eneo kukosa wageni haukutimia ni jambo lingine, nami nitalifikia.

Kulikuwa pia na kundi la tatu, dogo lakini lenye sauti, lililosema tengenezeni kwanza mlivyo navyo. Mwaka 2006 bustani ilifungua Expedition Everest, mlima wenye treni ndogo inayopita kwa kasi mapangoni, na ndani yake jitu la Himalaya lenye manyoya, mojawapo ya sanamu za mitambo zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa na kampuni hiyo. Muda si mrefu baada ya ufunguzi jitu liliacha kusogea. Likawekewa taa zinazomulika kwa kukatakata ili lionekane kama linatikisika, na likabaki hivyo miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2013 Rohde alisimama mbele ya mashabiki akaahidi kwamba siku moja atalitengeneza. Alistaafu mwanzoni mwa 2021 likiwa bado limesimama tuli. Mtu aliyepita chini ya jitu lile mara nyingi alikuwa na haki ya kuuliza: mtajenga maajabu mapya, nani atayapaka mafuta?

Kusubiri kuliongeza shaka. Tangazo la kwanza lilisema ujenzi utaanza kufikia 2013. Mwaka 2012 ulipita bila jembe, na uvumi ukaenea kwamba mradi umekufa, kwamba Cameron na Disney hawaelewani. Picha za mchoro zilizoonyeshwa Japani Oktoba 2013 ndizo zilizowatuliza kidogo waliokuwa na matumaini. Katikati ya hayo Universal ilitangaza Mei 2013 kwamba inajenga sehemu ya pili ya Harry Potter, mtaa wa Diagon Alley, na Julai 2014 mtaa huo ukawa wazi, joka limekaa juu ya paa la benki likitema moto wa kweli. Disney wakati huo ilikuwa imechimba msingi tu. Joka lililongojewa Animal Kingdom lilikuwa limetua kwa jirani, na ninadhani hakuna jambo lililowauma mashabiki wa Disney kuliko hilo katika miaka yote ile.

Kambi ya Mickey ilifungwa Januari 2014, na ujenzi ukaanza mwezi huohuo. Uzio ukasimama, nao mashabiki wakapata kazi.

Kazi hiyo waliifanya kwa bidii ya kustahiwa. Florida ya kati ni nchi ya majimaji, na anayetaka kujenga hapo lazima apeleke ramani kwa mamlaka ya maji ya kusini mwa Florida kuonyesha mvua itakwenda wapi. Ramani hizo ni nyaraka za umma. Mashabiki walizisoma. Kutokana na mchoro wa mifereji ya maji ya mvua waliweza kukisia ukubwa wa jengo, mahali pa foleni, upande wa jikoni, hata njia ya boti za mchezo wa mtoni. Walisoma vibali vya ujenzi wakaona wakandarasi ni akina nani na wana sifa gani. Wengine walikodi helikopta kupiga picha kutoka juu. Wengine walisimama tu kwenye daraja au mwisho wa maegesho, wakilinganisha kimo cha winchi leo na jana. Mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu cha uhandisi alijifunza tofauti ya chuma cha kubeba na chuma cha kuchongea kwa kuutazama mlima ukikua.

Na mlima ule ulikuwa wa kutazamwa. Katika filamu, milima ya Pandora huelea angani. Mwandishi wa hadithi anaruhusiwa kusema hivyo, lakini mhandisi wa Florida ana kimbunga, uvutano wa dunia na sheria ya anga. Sheria ya Marekani hutaka jengo linalopita futi 200, yaani mita 61, liwekewe taa ya kuonya ndege, na hakuna mbunifu anayetaka taa nyekundu iwake juu ya ulimwengu wa ndoto. Kwa hiyo kimo kilikuwa na kikomo. Ili milima ionekane mirefu kuliko ilivyo, walitumia hila ya zamani ya macho: kadiri unavyopanda, ndivyo mawe, mimea na nyufa vinavyofanywa vidogo, na jicho linadhani viko mbali.

Kuhusu kuelea, jibu lilikuwa mizizi. Kila mwamba ulikuwa na chuma kinachouunganisha na mwenzake au na ardhi, na chuma hicho kilivikwa umbo la mizizi na mimea minene inayotambaa na kuning'inia. Jicho linaona mmea unaoshuka kutoka jiwe moja kwenda jingine, wakati ndani yake ndiko uzito wote unakopita. Mwamba wenyewe ulitengenezwa kwa njia ambayo mafundi wa bustani wanaijua vizuri: umbo linachorwa kwenye kompyuta, linakatwa vipande, kila kipande kinasukwa kwa nondo zilizopindwa kama kapu, makapu yanaunganishwa kwenye kiunzi cha chuma, yananyunyiziwa zege, na kabla zege halijakauka mafundi wanapanda na mwiko na visu kuchonga nyufa kwa mkono. Baada yao huja wapaka rangi. Sehemu hii ya mwisho haina mashine. Ufa ukichongwa vibaya utaonekana ni sementi kwa miaka hamsini.

Picha za 2015, chuma kikiwa bado uchi, ziliwagawa watu vikali. Wapo walioona matao manene yakishika mawe hewani wakasema huu ni mlima wa kusimamishwa, si wa kuelea, na kila mtoto atauona. Wengine walihofia kwamba jengo kubwa la mchezo mkuu, ambalo kwa nje ni ghala tupu, litachungulia nyuma ya miamba. Waliojua kazi ya Rohde waliwasihi wenzao wasihukumu nyumba kabla ya lipu. Kisha mizizi ikavalishwa, maporomoko ya maji yakafunguliwa kwa majaribio, mimea ya kweli ikapandwa kati ya mimea ya kuchonga kiasi kwamba huwezi kusema ipi inahitaji kumwagiliwa. Sauti za kubeza zikapungua moja moja. Hilo linanigusa. Mtu aliyeshikilia msimamo kwa miaka minne alibadili mawazo mbele ya wenzake kwa sababu ya kazi ya mikono ya fundi ambaye jina lake hatalijua kamwe.

Tarehe 27 Mei 2017 eneo la ekari 12 lilifunguliwa. Mchezo mkuu, Flight of Passage, humkalisha mgeni kwenye kiti kama cha pikipiki, na mara skrini kubwa inapowaka mbele yake anaruka juu ya ikran. Katikati ya magoti yake anahisi mnyama akipumua. Foleni yake ilikuwa ya saa nyingi kwa miezi mingi, na watu walitoka wakifuta machozi. Mchezo wa pili, safari ya boti kwenye mto wa giza linalong'aa, uligawa watu: ni mfupi, hauna kisa, ila mwisho wake ameketi mganga wa kike anayeimba, sanamu ya mitambo yenye mikono laini kiasi cha kutia shaka. Njia za usiku zilipakwa rangi inayong'aa, na wapo waliosema mng'ao haukufikia ule wa michoro. Makadirio ya TEA na AECOM, waliohesabu wageni wa bustani za dunia, yanaonyesha Animal Kingdom ilitoka kwenye wageni milioni 10.8 mwaka 2016 hadi milioni 12.5 mwaka 2017. Utabiri kwamba hakuna atakayekuja uliishia hapo.

Lakini tazama walichokijenga. Pandora ya Florida haina wahusika wakuu wa filamu wanaotembea na kupigwa picha. Haisimulii tena vita vya filamu. Kisa chake kimewekwa miaka mingi baadaye: wavamizi wameshaondoka, mitambo yao inaoza na majani yameifunika, na mgeni anakuja kama mtalii aliyealikwa kuona bonde linavyopona. Ndani ya foleni ya mchezo mkuu unapita maabara iliyoachwa, mizizi imepasua kuta. Mtu ambaye hajaitazama Avatar hata dakika moja anaelewa kila kitu, kwa sababu mahali penyewe panajieleza.

Hicho ndicho wapinzani walichokuwa wakikidai tangu 2011. Walisema filamu haina wahusika wanaokumbukwa, na wabunifu wakajenga eneo lisilotegemea wahusika. Walisema bustani hii ni ya viumbe na mahali, wala si ya sinema, na wabunifu wakaiacha sinema nyuma ya mlima wakawapa msitu. Siwezi kuthibitisha kwamba Rohde aliwasikiliza. Yeye mwenyewe alikuwa muumini wa kanuni hiyo kabla yao. Ninachosema ni kwamba eneo lilifaulu kwa kufuata kanuni ya walioshindwa, na waliolitetea kwa sababu tu Avatar iliuza sana hawana haki ya kudai ushindi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kuna sehemu ya ugomvi huu iliyo nyumbani kabisa. Kijia kinachotoka Pandora kinaingia Harambe, mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki uliokuwapo tangu 1998. Wabunifu waliuiga mji wa Lamu: chokaa iliyobanduka, balkoni, vichochoro, matangazo ya biashara yaliyofifia ukutani. Makuti na nyasi za mapaa yake ziliezekwa na mafundi wa Kizulu walioletwa kutoka Afrika Kusini. Mgahawa mkuu ni Tusker House, kibanda cha vitu vitamu ni Tamu Tamu, na mji umeandikwa kumbukumbu ya Uhuru 1961. Katika miaka ya mabishano, Harambe ndiyo iliyotajwa kama ushahidi: tazameni, hapa hakuna filamu, na bado mtu anakaa saa nzima akitazama ukuta.

Ushahidi huo ni wa kweli, nami ninaheshimu macho yaliyouona uzuri wa ukuta wa Lamu uliochakaa wakati wengi wetu tunaupiga rangi ya mafuta. Lakini linganisha kazi mbili hizi. Pandora ilikuwa na mwenyewe. Cameron na mtayarishaji wake Jon Landau walikaa mezani na wabunifu. Lugha ya Na'vi iliyotungwa na mwanaisimu Paul Frommer wa Chuo Kikuu cha Southern California ilitumika kwenye salamu za wafanyakazi. Mmea usiolingana na ulimwengu ule ulikuwa na mtu wa kuukataa. Harambe haikuwa na mkataba na yeyote, kwa sababu mtindo wa mji hauna hakimiliki. Ndiyo maana mwaka wa uhuru wa Tanganyika umewekwa kwenye mji wenye sura ya Lamu, ambayo ni ya Kenya na uhuru wake ni wa 1963. Ndiyo maana njia ya kutazamia sokwe wakubwa iliitwa kwa jina la Pangani kwa miaka mingi, mpaka 2016, ingawa huko Pangani, pwani ya Tanzania, hakuna mtu aliyewahi kumwona sokwe huyo porini. Mji wa kubuni unaweza kuchanganya utakavyo, na wabunifu watasema Harambe si Lamu wala Pangani. Sawa. Ila ulimwengu ambao haupo ulilindwa na wakili kuliko pwani iliyopo, na shabiki wa Na'vi aliyekuta kosa alikuwa na mlango wa kubisha. Mswahili hana. Mjadala wa mashabiki ungekuwa mzito zaidi kama wazee wa Matondoni nao wangeulizwa ukuta ule unasemaje.

Tangu Pandora, swali halijalala. Eneo la Disney la Star Wars: Galaxy's Edge lilipofunguliwa 2019, kwanza California kisha Florida, wabunifu walichagua sayari mpya ambayo haikuwa imeonekana kwenye filamu, na mashabiki wakageuza hoja: safari hii walilia kwamba wamenyimwa mahali walipopajua utotoni. Ninawaelewa. Filamu ile ilikuwa imeishi nao miaka arobaini, nayo Avatar haikuwa hivyo, na kanuni ya mahali haifanyi kazi sawa pote.

Na Animal Kingdom yenyewe imerudi kwenye uzio. Agosti 2024 Disney ilithibitisha kwamba eneo la dinosaria litatoa nafasi kwa eneo la Amerika ya tropiki, lililopangwa kufunguliwa 2027, lenye nyumba ya familia ya filamu ya Encanto na mchezo wa Indiana Jones. Sehemu za kwanza zilifungwa Januari 2025. Wabunifu wanaeleza kwamba upande wa Encanto utamhusu Antonio, mtoto anayesikia lugha ya wanyama, na kwamba Indiana Jones atakuwa akimtafuta kiumbe wa hekaya ndani ya hekalu la Wamaya. Wanyama wa kale wanaondoka bustanini. Wa kufikirika wanaongezeka. Mashabiki wameshazifungua ramani za maji ya mvua, wanapima hekalu, na wanabishana kama kiumbe huyo atakuwa ni wa Wamaya kweli au ni wa sinema.